FUNDI WA NYUMBANI: Kompyuta Izimikapo Adhuhuri

Miezi ya Januari hadi Machi mjini Juba ni miezi ya jua kali na vumbi. Joto la mchana hufika nyuzi 37 au 38, na pengine hupita hapo. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzirai. Joto limwangushalo mtoto darasani haliionei huruma mashine iliyo mezani, na katika baadhi ya nyumba za askari mashine hiyo ni kompyuta.

Fikiria, ndugu msomaji, nyumba ya askari mmoja huko Munuki. Mkewe amefungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Kompyuta yake ni ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Asubuhi yafanya kazi vizuri. Saa saba mchana yawa nzito. Saa nane yazimika ghafula, na barua ya mteja yapotea. Fundi wa jirani aitazama kwa dakika tano, kisha asema: “Mama, bodi imekufa. Nunua nyingine.” Bei ya bodi ni chakula cha watoto cha wiki kadhaa, tena katika nchi ambayo askari na watumishi wengi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara mwaka 2024.

Kabla ya fedha hizo kutoka mfukoni, yafaa mashine yenyewe iulizwe. Ndani ya kompyuta mna vihisi vidogo vipimavyo joto, nguvu za umeme na mwendo wa feni. Zipo programu za kusoma vihisi hivyo, kama HWiNFO na HWMonitor, nazo hupatikana bila malipo. Zichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe, si katika diski ya kuazimana yenye virusi. Na katika kompyuta ya kazini, askari asiweke programu yoyote pasipo ruhusa ya mkubwa wake.

Hata hivyo, namba iliyoandikwa kwenye kioo ni kama ripoti ya lindo: haina budi kuhakikiwa kabla ya kuchukua hatua. Watu wengi hushtuka waonapo nyuzi 127, wakadhani nyumba itawaka moto. Mara nyingi namba hiyo yatoka katika tundu la kihisi ambalo halikuunganishwa na kitu. 127 ndiyo namba kubwa kabisa iwezayo kuandikwa katika nafasi ile. Kadhalika, ikiwa chumba kina nyuzi 36 na programu yasema prosesa ina nyuzi 22, hiyo pia si kweli. Kitu kinachopozwa kwa feni tu hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa juu yake.

Umeme nao hupimwa kwa hukumu hiyo hiyo. Njia ya volti 12 katika kompyuta ya mezani yatakiwa kuwa kati ya volti 11.4 na 12.6. Programu ikisema ni volti 6, na huku mashine yaendelea kufanya kazi, basi kosa li katika usomaji. Fundi na apime kwa mita yake. Lakini lile sanduku la kugawia umeme lisifunguliwe nyumbani, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kosa jingine ni kufungua programu mbili za namna hii kwa wakati mmoja. Zote mbili huuliza kihisi kile kile, na majibu huchanganyika, kama askari wawili wapokeao amri kwa redio moja. Ifunguliwe moja tu. Namba zikiendelea kutia shaka, kompyuta iwashwe upya na kuingizwa katika kurasa za bayosi, zile zitokeazo kabla ya Windows. Huko pia joto na volti huonyeshwa, nazo zilinganishwe.

Yawezekana vilevile programu isifunguke kabisa, au itoe jedwali tupu. Programu hizi husoma vihisi kwa msaada wa draiva ndogo iingiayo ndani sana ya mashine. Mojawapo, iitwayo WinRing0, iligunduliwa kuwa na ufa unaoweza kutumiwa na wahalifu, na mwaka 2025 mlinzi wa Windows alianza kuikamata kama kitu cha hatari. Programu kadhaa zilizoitegemea zikaacha kufanya kazi. Dawa yake si kumfukuza mlinzi langoni, kama wafanyavyo wengi; ni kutafuta toleo jipya lisilotumia draiva hiyo, au programu nyingine.

Programu ikishasoma sawasawa, swali kuu labaki: mashine huzimika kwa nini? Hapa polisi atalielewa jambo hili upesi kuliko raia. Kituo kina kitabu cha matukio, na kompyuta nayo yaweza kuwekewa chake. Katika HWiNFO mna kitufe cha kuandika vipimo vyote katika faili, kila baada ya sekunde chache. Kiwashwe asubuhi, kazi iendelee kama kawaida, na mashine ikizimika, mstari wa mwisho wa faili utazamwe.

Ikiwa mstari huo waonyesha prosesa ilipanda hadi karibu na nyuzi 100, ambazo ndizo mpaka wa prosesa nyingi za Intel, au 95 kwa nyingi za AMD, basi joto ndilo la kushukiwa kwanza. Prosesa ikifika mpaka wake hupunguza mwendo ili ijiokoe, na ndiyo maana mashine huwa nzito saa saba, ikizidiwa, huzima. Ikiwa mstari wa mwisho waonyesha nyuzi 60 tu, joto la prosesa halina hatia, na uchunguzi uelekee kwenye umeme: jenereta iyumbayo, waya uliolegea, au lile sanduku la kugawia umeme. Ingawa mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa Juba Novemba 2019, nyumba na maduka mengi bado hutegemea jenereta na jua. Windows nayo huandika tukio namba 41, lakini hilo lasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, halitaji sababu.

Ushahidi wa pili hutoka katika programu za kupima nguvu, kama Cinebench ya kampuni ya Maxon ya Ujerumani. Programu hiyo huitwisha prosesa kazi ya kuchora picha kwa dakika 10, kisha hutoa alama. Wengi hupima mara moja, wakaona alama ndogo kuliko za mwenzao wa Nairobi, wakasononeka. Kipimo kimoja hakitoshi. Programu nyingine zote zifungwe, kompyuta mpakato ichomekwe kwenye umeme, na kipimo kifanywe saa kumi na mbili asubuhi, kisha saa nane mchana. Ikiwa asubuhi mashine ilipata alama 6,000 na mchana 4,200, prosesa haijafa. Imechoshwa na joto.

Tiba ya joto ni ya bei nafuu. Mashine izimwe na kuchomolewa, mfuniko ufunguliwe, na vumbi litolewe kwa brashi laini. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke ovyo wakati wa kupulizwa. Ikiwa mashine ni ya miaka mingi, fundi abadilishe grisi ipakwayo kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Kisha iinuliwe kutoka sakafuni, isogezwe mbali na ukuta, wala isifunikwe kitambaa iwapo kazini. Baada ya hayo kipimo cha saa nane kirudiwe. Alama zikipanda, fedha za bodi zimeokoka. Zisipopanda, na mashine yazidi kuzimika, ndipo fundi aitwe tena, naye akute faili la vipimo mezani badala ya maneno matupu.

Yule mama wa Munuki, akifuata utaratibu huu, hatalazimika kubishana na fundi wala kumwita mwongo. Atamwonyesha saa, joto na volti, na fundi mwaminifu atafurahi kupunguziwa kazi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kompyuta haifichi maradhi yake. Huyaandika kila sekunde, ikingoja mtu wa kuyasoma kabla hajafungua mkoba.