Foleni Mlangoni mwa Kompyuta: Tusikimbilie Kununua Mashine

Huku Kilema, katika mteremko wa Kilimanjaro, maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa jadi, yalipopungua, wazee hawakukimbilia kuchimba mwingine. Waligawa zamu, wakaziba mianya, na penye bwawa dogo wakakusanya maji ya usiku yatumike mchana. Funzo hilo lawafaa leo wasimamizi wa seva za saraka, yaani kompyuta zinazothibitisha mtu ni nani kabla ya kumruhusu kuingia katika mtandao.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini tarehe 1 Mei 2019, wananchi walithibitishwa kwa kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Katika kazi ya namna hiyo, maswali yakija upesi kuliko seva inavyoweza kuyajibu, foleni hurefuka, na mkulima aliye nyuma hupoteza siku yake.

Saraka nyingi vyuoni na maofisini hutumia itifaki ya LDAP, iliyotolewa mwaka 1993 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Kasi ikipungua, aghalabu wakubwa huagiza mashine kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, huko ni kuanzia mwisho.

Tufanye hesabu. Chuo kina wanafunzi 30,000. Seva isiyo na faharasa hupitia majina yote 30,000 kila mtu mmoja anapotaka kuingia. Penye faharasa iliyopangwa kwa mfuatano, kila hatua yaweza kuondoa nusu ya majina: hubaki 15,000, kisha 7,500, na kadhalika. Hatua 15 zatosha. Ni mashine gani itakayotupa nafuu ya mara 2,000?

Pili, programu isifungue muunganisho mpya kwa kila swali, bali iuache wazi na kuutumia tena. Tatu, nakala ya saraka iwekwe karibu na watumiaji. Chuo cha Moshi kisichongoja jibu kutoka Dar es Salaam kitaendelea na kazi hata njia ikikatika.

Hata hivyo, upo ucheleweshaji wa makusudi. Neno la siri hugeuzwa fumbo kwa hesabu nzito, ili mwizi aliyeiba saraka atumie muda mrefu kulibahatisha. Anayepunguza hesabu hiyo apate kasi amebomoa ukuta ili kuondoa foleni ya mlangoni.

Walimu, wapeni wanafunzi kamusi na saa. Mmoja atafute neno kwa kusoma kila ukurasa tangu mwanzo, na mwingine kwa kugawa nusu kwa nusu. Watakaoifahamu tofauti hiyo ndio watakaolinda kesho fedha za taifa zisinunue mashine tusizozihitaji.