Mama Asiachwe Nje ya Dirisha

Tumezoea kumsifu mama anayejifuta ili mwanawe ang'ae. Hata Wamarekani walimsifu hivyo. Katika filamu ya Stella Dallas ya mwaka 1937, mama wa hali ya chini, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, anaona kwamba mavazi na mwenendo wake vinamwaibisha binti yake mbele ya matajiri. Anajifanya hamtaki tena, ili binti akaishi kwa baba yake. Mwishoni binti anafunga ndoa katika nyumba ya kifahari, na mama anatazama dirishani akiwa nje, mvuani. Mke mpya wa baba ameagiza mapazia yaachwe wazi. Mapazia yamefunguliwa, mlango haukufunguliwa. Mama anaondoka akitabasamu, nasi watazamaji tunalia.

Machozi hayo hayatoshi.

Akina Stella tunao hapa Namtumbo. Mama analima mahindi, anauza magunia ili mtoto akasome Songea. Mtoto akifanikiwa, siku ya harusi wageni rasmi wanakaa mbele, na mama yuko kwenye moshi wa masufuria. Kisha tunahubiri kwamba mama mwema huvumilia na kunyamaza, tukiuita huo msalaba wake. Tunamfungulia pazia la sifa, mlango tunaufunga.

Tutaulizwa: je, upendo si kujitoa? Naam, ni kujitoa. Yule mama aliyesimama mbele ya Mfalme Solomoni (1 Wafalme 3) alikuwa tayari kumwachilia mwanawe ili aishi. Lakini mfalme hakumsifu na kumwacha aende mikono mitupu. Aliamuru apewe mtoto wake. Kujitoa kwake kulijibiwa kwa haki. Naye Bwana wetu aliwakemea waliosingizia Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao (Marko 7). Hata akiwa msalabani alimtafutia mama yake makao (Yohana 19).

Basi kujitoa ni zawadi ya mama. Mtoto hana haki ya kuidai, wala sisi kanisani hatuna haki ya kumwagiza. Kabla ya kumvika kitenge Siku ya Mama, tuulizane: shamba analolima ni la nani? Akiugua, nani anamlipia matibabu? Kwenye harusi anakaa wapi? Na anayejenga mjini huku mama yake analala chini ya paa linalovuja, asisimame kutoa shukrani madhabahuni kabla hajaliezeka.