Mwanafunzi wa Mbali Asiachwe Peke Yake

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, ili elimu ya juu imfuate mtu alipo. Hapo mwanzo masomo yalitegemea zaidi maandishi yaliyochapwa. Siku hizi mengi hupitia intaneti. Lakini kumfikishia mwanafunzi maandishi upesi si kumfundisha. Aliyeko Sumbawanga, akikwama usiku katika swali la fizikia, hahitaji ukurasa mwingine, ahitaji mwenzake wa kumwuliza, “Wewe jawabu umelipataje?” Kwa hiyo yafaa kazi za vikundi zianze tangu juma la kwanza, nazo zipewe alama. Zisipopewa, watu wenye ajira na watoto hawatazifanya, wala hawastahili lawama.