Mtoto wa Popo Anabebwa Hadi Lini?

Najua wengine mkisikia popo mnakimbilia kufunga madirisha, lakini mwezi huu nivumilieni. Nazungumzia malezi, na mwalimu ni yeye.

Kuna popo wala matunda wanaoitwa popo wa Misri. Jina lisiwadanganye, hata huku kwetu Afrika Mashariki wapo mapangoni. Mama huzaa mtoto mmoja, na wiki za mwanzo hutoka naye usiku, kichanga kamng'ang'ania tumboni, chuchu mdomoni.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israel, walitoa matokeo baada ya kuwafunga mama na watoto vifaa vidogo vya GPS. Kumbe mtoto akishakua kidogo, mama humbeba hadi kwenye mti fulani, anamwacha hapo, yeye anakwenda kutafuta matunda. Baadaye anamrudia na kumchukua. Usiku mwingine, mti uleule. Hapo sasa! Siku mtoto anapotoka pangoni peke yake, anaruka hadi miti ileile, akipita njia zinazofanana na za mama yake. Akishaizoea ndipo anatafuta mingine. Na hakuonekana hata mtoto mmoja akiruka nyuma ya mama kumfuata. Inaelekea njia zote alizisoma akiwa amebebwa, kichwa chini, miguu juu!

(Baba je? Hayumo kabisa. Akina kaka, msichukue hilo kama kibali.)

Habari hii imenikuta mimi na mwenzangu hatuelewani kuhusu binti yetu wa miaka 9. Yeye anataka mtoto atumwe sokoni peke yake, eti "sisi tulitumwa tukiwa na miaka sita." Mimi nikifikiria bodaboda za barabara ile, moyo unanidunda. Siku moja tulibishana hadi wali ukapoa.

Basi nikapendekeza mtindo wa popo. Kila Jumamosi naenda naye hadi gengeni, namwachia hela ya nyanya na vitunguu, mimi napitia kwa fundi cherehani, kisha namrudia. Genge ni lilelile, njia ni ileile. Baba mtu kakubali kwa shingo upande, anaona namchelewesha mtoto.

Leo ni Jumamosi ya tano. Nilipomrudia nilimkuta anapatana bei ya maembe ambayo sikumtuma. Akanitazama, akaninong'oneza: "Mama, hebu rudi kwanza kwa fundi."