Kabeji Isubiri
Ukiwa na kiwanja cha hatua nne kwa tatu nyuma ya nyumba hapa Chemchem, Tabora, usianze na kabeji. Hukalia udongo karibu miezi mitatu, hutoa kichwa kimoja, na hudai maji ambayo tangu Mei hadi Oktoba mawingu ya hapa hayana. Msafiri Henry Stanley alipofika Unyanyembe, eneo hili la Tabora, mwaka 1871 alikuta Waarabu wana bustani kando ya tembe zao, lakini wale walikuwa na nafasi na watu wa kumwagilia. Mwenye ndoo mbili atazame majani. Tuta moja la mchicha: baada ya wiki tatu au nne unachuma. Matembele yakae pale yanapomwagwa maji ya kuoshea mboga. Kata ncha, yatachipua tena. Nusu nzima ya kiwanja iliyobaki ningeipa kunde wakati wa mvua, na simwonei haya anayeziita mboga za dhiki. Majani machanga huchemshwa, huanikwa juani mpaka yavunjike mkononi, kisha Agosti, sokoni mboga zikiwa ghali, huungwa kwa karanga zilizotwangwa, na ugali hautoshi.