Viongozi wa Muhuri
Kiongozi wa chama cha wachoraji na wachongaji cha mkoa ambaye Tosamaganga anaijua kwa kuisikia tu ni kiongozi wa muhuri. Cheo anacho, meza anayo, ada za wanachama hupokea. Hesabu zake haonyeshi. Na toka Iringa mjini hadi Tosamaganga si safari! Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 iliunda Baraza la Sanaa la Taifa ili sanaa ifufuliwe na kukuzwa, si ili watu wachache wapate ulaji.

Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake walishika brashi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika Dar es Salaam. Kwanza kazi, kisha cheo.

Iringa wapo akina mama wasukao vikapu vya milulu, ambavyo huuzwa hadi Uingereza. Je, wameandikishwa uanachama? Kudai kwamba kusuka si sanaa ni kasumba ya kikoloni, na anayefaidika nayo ni mlanguzi. Uchaguzi na ufanyike Tosamaganga, mbele ya wasukaji hao, na daftari la ada lisomwe kwa sauti kabla ya kura ya kwanza kupigwa.