Uza tunda na jina la kijiji chako

Vijana wenzangu wakulima, leo tuzungumze zabibu za Marekani. Najua wengi wetu hapa Jang'ombe na huko shamba hatunywi mvinyo, na mimi pia sinywi. Lakini wale jamaa wana somo la biashara ambalo sisi tunalipoteza kila msimu.

Kule mvinyo unauzwa kwa jina la mahali. Napa, California, kuna jua la kutosha, wakashika zabibu nyekundu ya Cabernet Sauvignon. Bonde la Willamette, Oregon, lina ubaridi, wakashika Pinot Noir. Finger Lakes, New York, baridi ni kali ila maziwa yenye kina yanaipunguza, Riesling ikakubali. Mwaka 1976 huko Paris, waonjaji wa Kifaransa walionja bila kuonyeshwa majina, wakaipa California nafasi ya kwanza kwa mvinyo mwekundu na mweupe. Jina la Napa likawa mali, na mali hiyo inalindwa: ukiandika Napa Valley kwenye chupa, angalau asilimia 85 ya zabibu lazima zitoke hapo.

Karibu yetu, Dodoma ni kukame, lakini zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na ipo aina inayobeba jina la Makutupora.

Na sisi je? Unguja ni ndogo lakini haifanani. Kizimbani na Kidichi kuna udongo wa kina, viungo vinastawi. Mashariki na kusini ni maweni, udongo haba. Ukiniuliza mimi, shokishoki nipe la Donge, na embe nipe muyuni kabla ya boribo. Utanibishia? Vyema! Ubishi huo ndio soko lenyewe.

Tatizo ni kwamba tukifika Mwanakwerekwe, tenga moja lina embe za mashamba matatu, nzuri juu, changa chini. Aliyesubiri embe zikomae analipwa sawa na aliyekimbilia kuchuma. Mwaka wa pili na yeye ataacha kusubiri.

Mtu ataniambia mnunuzi wetu haulizi embe limetoka wapi. Haulizi kwa sababu hatujampa jina la kuuliza. Mpishi wa hoteli akipata embe tamu leo, kesho ataliagiza kwa jina gani?

Rai yangu: wakulima kumi wa kijiji kimoja wakubaliane aina moja, kiwango kimoja cha ukomavu, na tenga lenye jina la kijiji. Atakayechomeka matunda ya nje, atoke kwenye kikundi, hata akiwa ndugu. Msianze na lebo za kupendeza, anzeni na kuchambua matunda. Lebo inachapishwa kwa siku moja, lakini jina likishaharibika sokoni, hata mwenye tunda zuri hatosikilizwa.

Kijiji chako kinasifika kwa tunda gani? Basi msimu huu lipeleke sokoni na jina lake.